Wakuu, mnapigaje picha za mtaani Kariakoo na Posta bila kugombana na watu?

mpita_njia_tu

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mimi ni mpenzi wa picha ila sio za harusi wala sendofu, napenda zile za mtaani, maisha ya kawaida tu, mtu anashuka basi la mwendokasi pale Gerezani na furushi la mitumba kichwani, muuza kahawa anagonganisha vikombe, mama ntilie anapepea jiko, wazee wa drafti wanabishana. Natumia simu, Samsung ya kawaida, kamera sina na wala sina haraka ya kununua.

Shida nikitoa simu tu Kariakoo hali ya hewa inachafuka. Wengine wanaacha walichokuwa wanafanya wanaanza kupozi, wengine wananiuliza "unatupiga unatupeleka wapi?", na juzi kati mjini mlinzi wa jengo moja kanibana nifute zote wakati nilikuwa napiga barabara, jengo lake hata halimo. Nikafuta yakaisha.

Sasa naomba kujua, ruhusa inaombwa kabla au baada? Nikiomba kabla picha inakufa, nisipoomba naonekana mpelelezi au mmoja wa wale vijana wa kontenti za kudhalilisha watu. Kisheria ikoje? Halafu lingine, hivi hizi picha zina maana yoyote kweli? Wife kila siku ananiuliza sura za watu nisiowajua zinajaza simu za nini na jibu sina.

Kondakta Mstaafu

Karibu sana mleta mada. Naanza na la shemeji maana ndo rahisi. Muulize anaikumbuka Msimbazi ya kabla ya Oktoba 2021? Machinga wamepanga mpaka katikati ya barabara, viatu chini kwenye turubai, mabanda ya mbao yameegemea kuta za maduka, ukipita unapita kiubavu na pochi umeikumbatia. Walipohamishwa mwaka ule ilikuwa kama wiki chache tu mtaa ukawa mwingine. Miezi mitatu kabla ya hapo, Julai 10, soko kuu lenyewe liliungua usiku, lile alilolichora msanifu Beda Amuli lenye paa la zege la miavuli lililofunguliwa 1975. Sasa tafuta picha za ndani ya lile soko kabla ya moto. Za nje zipo kibao, kila mtalii alipiga. Za ndani, kule shimoni kwenye ngazi, wabeba mizigo wanapishana na viroba vya vitunguu, mwanga unaingia kwa juu kidogo, hizo kuzipata ni kazi, kwa sababu kila aliyekuwa anapita pale kila siku aliona ni pa kawaida mno hapahitaji picha.

Na mimi nimefanya kazi kwenye daladala za Kimara Posta mpaka zilipotolewa Morogoro Road 2016 mwendokasi ilipoanza. Gari lenyewe picha ninayo, imepaki imeoshwa inang'aa. Kinachonikera ni kwamba sina hata moja ya asubuhi ya kawaida, abiria wanaingilia dirishani pale Ubungo, konda ananing'inia mlangoni noti kazikunja katikati ya vidole. Kila mtu alipiga gari, hakuna aliyepiga kazi. Kwahiyo hao wazee wa drafti piga mkuu, na piga na kizibo cha soda wanachochezea, na kibao chao walichochora kwa kalamu.

bonge_la_dar

Piga picha za pisi kali Coco Beach mkuu, wazee wa drafti nani atalaiki 😂

mpita_njia_tu

@bonge_la_dar 😂😂 za Coco zipo za kutosha, hata za kwako nadhani zipo

jicho_la_gerezani

Mimi napiga mtaani muda sasa, nikujibu la ruhusa kwa jinsi ninavyofanya. Usisimame na simu ukitafuta picha. Hapo ndo unaonekana mpelelezi. Kaa kwanza. Chukua kahawa kwa huyo huyo muuza kahawa, kaa kwenye benchi lao, kunywa na kashata yako, salimia, sikiliza ubishi wa Simba na Yanga, ukitoa simu baada ya robo saa hakuna anayeshtuka kwasababu ushakuwa mtu wa kijiwe. Picha zangu nzuri karibu zote nilikuwa nimekaa, na sehemu ni zile zile za kila wiki, sio kuzurura mji mzima.

Kuhusu kabla au baada, mimi naangalia picha ni ya nini. Kama ni mtaa na watu wamo kwa mbali, napiga naendelea. Kama ni sura ya mtu mmoja anayeonekana vizuri, napiga halafu palepale namfuata namuonesha kwenye simu. "Mzee wangu shikamoo, nimependa ulivyokaa hapa, ona." Tisa kati ya kumi, sijui, wengi tu, wanacheka wanaita na wenzao waje waone. Akisema futa nafuta mbele yake na kwenye kapu la zilizofutwa pia natoa, simjadili. Wanaopozi usiwakatae, wapige hiyo ya pozi uwape raha yao, halafu usishushe simu. Dakika inayofuata wanarudi kwenye mambo yao na ndo picha yako hiyo.

Vitu ambavyo sipigi: mtu amelala barabarani, mlevi, mgonjwa, mtoto peke yake bila mzazi, mtu anagombezwa na mgambo wa jiji bidhaa zake zinabebwa. Hii ya mwisho watu watanibishia kwamba ndo maisha yenyewe, sawa, lakini yule dada anayelia machungwa yake yanapakiwa kwenye gari hakuja mjini kuwa picha yangu. Nikipiga tukio kama hilo napiga gari na machungwa, sura naacha.

wakili_wa_jioni

Nichangie upande wa sheria kwa kifupi, sio ushauri rasmi.

Kupiga picha sehemu ya wazi kwa matumizi yako hakuna sheria inayokukataza kwa ujumla. Kuna maeneo ya ulinzi, hayo usijaribu hata kwa utani: kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu na maeneo yanayolindwa. Ndo maana pale Kivukoni uwe makini lenzi inaelekea wapi, Ikulu ipo jirani na soko la samaki la Feri. Ukielekeza upande wa samaki na ngalawa upo salama zaidi.

Mlinzi wa jengo binafsi hana mamlaka ya kukagua simu yako wala kukulazimisha ufute kitu ulichopiga ukiwa barabarani. Ila kuwa na haki na kushinda ubishi kwenye jua la saa saba ni vitu viwili tofauti, ulivyofanya sio vibaya.

Mambo yanabadilika unapoposti na zaidi unapoingiza hela. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabika taarifa binafsi. Majirani zetu Kenya wana yao ya 2019 na wanaitumia kweli, Septemba 2023 kuna klabu Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 za kule kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Ile ilikuwa biashara inajitangazia kwa sura ya mtu, sio mpiga picha wa mtaani, lakini mantiki uikumbuke siku duka la nguo litakapotaka kununua picha yako ya yule mzee wa kahawa. Hapo unahitaji idhini yake ya maandishi, na mgao wake pia kama wewe ni muungwana.

Nai_Walker

Sasa wasee wa Bongo, niko Nairobi lakini hii thredi imenibamba. Hapa town tunapiga sana, kuanzia Kenya National Archives ushuke na Tom Mboya mpaka River Road, lakini kuna kitu imebadilika. Zamani ukitoa kamera kila mtu anakuangalia, siku hizi vijana wa kupiga watu picha kwa pesa wamejaa CBD, so watu wamezoea kamera ila sasa wanadhani unauza. Unapiga mama wa mahindi choma anakuuliza "hiyo ni ngapi?" Mi humwambia ni bure halafu kesho namletea moja imeprintiwa. Hiyo ikishafanyika mara moja hapo kwa hiyo kona umepata kibali ya maisha, hata makanga wa mathree (makonda wa matatu) watakuita uwapige.

Kamera kubwa ndio inaleta shida, kanjo (askari wa jiji) na soja wa majengo wakiona lenzi ndefu wanakuuliza permit. Simu hawana shida nayo sana. So usione simu ni umaskini bro, kwa hii kazi simu ndio silaha.

Alafu mkiongea historia msisahau mpiga picha Mohamed Amin, alizaliwa Eastleigh lakini ameanza kupiga picha akiwa shule huko kwenu Dar, na kampuni yake ya picha, Camerapix, alianzisha huko 1963 kabla ahamie huku. Watu wanamjua kwa njaa ya Ethiopia ya 1984, lakini alianza tu kijana wa Dar na kamera yake.

Bi Shangani

Asalaam alaykum. Naona mnazungumza Dar na Nairobi, huku kwetu Mji Mkongwe mambo yana adabu zake nyengine kidogo. Mwanamke aliyekaa barazani kwake usimpige bila kuuliza, hata kama baraza iko njiani na kila mtu anapita. Baraza ni ya nyumba. Wazee wa bao pale Jaws Corner hao washazowea kamera, watalii hawawaachi, lakini ndo hivyo tena, picha za pale zote zinafanana kwa kuwa mgeni anapiga dakika mbili anaondoka. Wewe mwenyeji ukikaa mpaka alasiri utaona mengi, nani kaja kukopa, nani kaja na kesi ya mtoto wake, birika la kahawa linavozunguka.

Na shemeji yetu hapo juu anaeuliza za nini, mwambie siku akija Unguja apite Capital Art Studio, studio ya picha barabara ya Kenyatta. Mzee Ranchhod Oza alifungua 1930, mwanawe akaendeleza. Ukutani mle mna mitaa, mna maharusi, mna bandari, mna watu wamesimama tu. Mtu anaingia kununua picha ya mlango anatoka kamuona babu yake. Wallahi nimeshuhudia mtu mzima akilia mle ndani.

mpita_njia_tu

Aisee nashukuru sana wote. Bi Shangani shikamoo, hiyo ya baraza sikuwa naijua. Wife kasoma hapa kanyamaza 😂 kasema basi angalau nipunguze kwenye simu.

Sasa hapo ndo swali la mwisho, mnahifadhi wapi? Mimi nazituma WhatsApp kwenye namba yangu nyingine zikae kule. Na picha za vitu vinavyotembea zinatoka ukungu, daladala inakuwa kama mzimu, sijui ni simu au mimi.

jicho_la_gerezani

Kaka acha WhatsApp leo leo. Inaibana picha inapungua ubora, na inafuta ile taarifa ya ndani ya tarehe na saa, baada ya miaka kumi hutajua hii ni kabla au baada ya machinga kuhamishwa. Kama ni lazima, tuma kama dokumenti. La maana nunua hard disk, toa kwenye simu kwa waya kila mwisho wa mwezi, weka mafolda kwa mwaka na mtaa, na nakala ya pili ikae kwa ndugu, sio kwenye droo hiyo hiyo.

Na andika. Folda lisiwe na picha tu, fungua faili la maandishi humo humo: Kongo na Mchikichi, saa nne asubuhi, kahawa kikombe bei gani, jina la mzee kama alikubali kukupa. Bei andika kila mara. Yule mama wa Chicago, Vivian Maier, alikuwa yaya wa watoto wa watu, alipiga picha za mtaani kimya kimya, aliacha negativi za filamu zaidi ya laki moja, zikapatikana 2007 kwenye mnada kwasababu kodi ya stoo ilimshinda, na waliozinunua wamehangaika sana kujua nani ni nani na wapi ni wapi. Picha nzuri ajabu, maelezo kiduchu.

Ukungu: kioo cha lenzi kwanza, futa na shati, mafuta ya chipsi yanaharibu picha kuliko unavyodhani. Halafu usizumu, sogea kwa miguu. Kwa daladala ingia sehemu ya Pro kwenye kamera ya Samsung kama yako inayo, weka spidi ya shata 1/500 ya sekunde kwenda juu, mchana kuna mwanga wa kutosha. Kama haina, basi simama kituoni inapopunguza mwendo. Na saa sita mchana achana na barabara, jua liko utosini sura zote zina kivuli machoni, ingia kwenye vichochoro vya Kariakoo magorofa yanakinga. Barabarani rudi saa kumi na moja, Samora kuanzia pale kwenye sanamu ya Askari, watu wanatoka makazini jua linawapiga ubavuni.

Kondakta Mstaafu

Niongeze la daladala. Panda Mbagala Rangi Tatu kule inapoanzia, mwambie konda ukweli kwamba unapiga picha za kazi yake, mpe nauli kamili usidai chenji, kaa siti ya nyuma kabisa kona. Kutoka pale unaona gari zima mpaka mlangoni. Ila usipige dereva akiwa anaongea na simu, hiyo itakuletea maneno.

mpita_njia_tu

Siti ya nyuma kona, nimeelewa. Hiyo pro nimeikuta, nilikuwa sijawahi kuifungua. Jumamosi naenda, nikirudi naweka chache hapa hapa, za sura naweka za waliokubali tu.

bonge_la_dar

Na za Coco usisahau