Naomba ushauri: kuhamia karibu na mitambo ya upepo, Ngong

Hamjambo wenzangu. Tunaishi Umoja, dirisha la chumba cha kulala linatazamana na baa, na usingizi tumeusahau. Sasa nimepata nyumba ya bei nafuu upande wa Ngong, chini ya vile vilima vyenye mitambo ya upepo.

Jumamosi nililala huko kwa shemeji ili nijaribu. Mchana sikusikia kitu. Usiku, kijiji kilipotulia, ndipo: fwuu... fwuu... kama mtu anayepepeta mchele bila kuchoka. Si kelele kubwa, baa yetu inaishinda mbali, lakini ule mpando na mshuko ulinikodolesha macho hadi saa tisa. Shemeji alikuwa anakoroma tu.

Nimesoma kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa kelele za mitambo hii uwe chini ya desibeli 45. Mke wangu ana presha, kwa hiyo sitaki kubahatisha usingizi wake.

Mnaokaa huko, mlizoea baada ya muda gani? Kulala chumba kisichoelekea kilimani kunasaidia? Landilodi anataka deposti Ijumaa.