Maharage, magadi na madini ya chuma: naharibu?

Jamani wadau naomba msaada, klinik wameniambia damu iko chini, mimba miezi mitano, wakasema nile maharage kwa wingi. Sasa mimi nayapika na magadi yaive haraka, mkaa bei juu, halafu nashushia na chai ya rangi. Je hayo madini ya chuma yanaingia kweli mwilini?

mama_jiko: Pole mwaya. Chai ndo tatizo kubwa hapo, ile rangi yake inashikana na chuma tumboni kinatoka hivyo hivyo, kunywa saa moja au mbili baada ya kula. Na magadi acha, yanaua vitamini B1. Loweka usiku kucha maji mwaga, yataiva upesi na ile faitati, kitu cha asili kwenye kunde na nafaka kinachobana chuma na zinki, inapungua.

Mpishi wa Tanga: Ongezea limau dada, ila kamulia ukishapakua, sio kwenye sufuria linachemka maana vitamini C haipendi moto mrefu. Kachumbari ya nyanya mbichi pia, mi siachi kabisa. Vitunguu saumu na maji navyo vimepimwa maabara na nafaka na kunde, chuma na zinki vikapatikana zaidi, kwa hiyo usivionee uchoyo.

mama_jiko: Na uji wa ulezi uchachushe kwanza, ule mchachuko unavunja faitati. Vidonge vya klinik usiache lakini, chakula peke yake hakitoshi damu ikishashuka.

Muulizaji: Asanteni sana, leo nimeshaloweka.