Baba ana Parkinson, binamu ananiambia nimtafutie darasa la dansi. Kuna anayelijua?

BintiMkomani

Assalaam alaykum nyote, wakubwa shikamooni.

Baba yangu ana miaka 71, alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, na siku hizi tunakaa naye Mombasa kwa ajili ya kliniki. Mkono wa kulia unatetemeka, hilo tumelizoea. Kinachotutesa ni miguu. Akifika mlangoni anaganda, kama nyayo zimepigiliwa misumari sakafuni. Nikimvuta mkono ndiyo anataka kuanguka kabisa.

Binamu yangu aliyeko Marekani kanitumia video ya wazee wenye ugonjwa huu huu wakicheza dansi ya kisasa, ile ya kunyoosha mikono na kugeuka taratibu, na mtu anawapigia piano. Nilipomwonyesha baba akasema, "Nimekula chumvi yote hii, leo mnataka nikaruke?" Baadaye akaniomba nimwekee tena, aitazame. Hakusema kwa nini.

Darasa kama lile linaendeshwaje? Na sisi tusio nalo karibu tunaweza kufanya nini nyumbani? Tafadhali msinitumie wauza mitishamba, nimeshakutana nao wa kutosha.

Kaka_Likoni

Pole sana dada. Mimi naona pesa ya dansi uiongeze kwenye dawa. Dawa ndiyo matibabu, mengine ni kujifurahisha tu.

MzeeWaFlatbush

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Mimi ni mgonjwa kama baba yako, na hilo darasa nadhani nalijua, kwa sababu ndilo ninalokwenda. Liko Brooklyn, kwenye jengo la kikundi cha dansi cha Mark Morris. Lilianza 2001. Bibi mmoja, Olie Westheimer, aliyekuwa akiongoza chama cha wagonjwa wa Parkinson wa hapa, aliwafuata wacheza dansi wenyewe. Alitaka watu wake wafundishwe kucheza kwelikweli, wasifanyishwe mazoezi ya hospitali. Waliofundisha mwanzoni walikuwa David Leventhal na John Heginbotham, wote wacheza dansi wa kikundi hicho. Sasa madarasa ya namna hii yako katika nchi nyingi.

Mimi mtu wa Siyu, Lamu hukohuko. Nimefanya kazi melini, halafu huku nikaendesha basi mpaka mkono uliponikatalia. Darasani nilipelekwa na mke wangu, nami nimenuna. Nilidhani nitakuta watu wanahesabiwa wamenyanyua mguu mara ngapi.

Tunaanza tumekaa kwenye viti, duara. Piano inapigwa palepale, si kaseti. Kwanza mikono, kuinyoosha mpaka mwisho wake, maana ugonjwa huu hupunguza kila kitu: hatua inakuwa fupi, sauti inafifia, hata mwandiko unakonda. Mwalimu hakwambii upinde kiwiko kiasi gani, anakwambia unapaka chokaa ukuta mrefu, fikisha brashi juu. Na inafika! Kisha tunasimama tukishika kiti au ile boriti ya ukutani. Anayeweza anavuka chumba akifuata mdundo, wawili wawili, wake na waume zetu wakiwa humohumo wanacheza nasi. Asiyeweza anacheza kitini na hakuna anayemwonea huruma. Mwisho tunashikana mikono tukiwa duara, tunapokezana salamu mmoja baada ya mwingine. Saa moja na robo imekwisha. Anayetetemeka amecheza huku anatetemeka.

Sasa mlango. Mtu mzima wa afya hatembei kwa kufikiri, ubongo unaiendesha miguu wenyewe. Sehemu inayofanya kazi hiyo inahitaji dopamini, kemikali ya ubongo ya kupitisha ujumbe, na kwetu imepungua. Mdundo, mstari sakafuni, au mtu wa kumfuata hukupa njia nyingine ya kupita. Mimi nikiganda, kuuambia mguu "nenda" ni kazi bure. Nikianza mdundo wa goma moyoni, mara nyingi unaondoka.

Na hapo ndipo nataka umjibu baba yako. Nani kamwambia aruke? Goma letu la Lamu, watu wazima wamesimama safu moja, kanzu zimepigwa pasi, bakora mkononi, wanayumba polepole huku na huku, ni nini lile? Ni kuhamisha uzito mguu huu kwenda mguu huu, kwa mdundo, bega kwa bega na mwenzako. Mwalimu wangu wa hapa angekata tikiti ya ndege akalione. Baba yako lazima amelisimamia harusini mara nyingi. Mwanzishie hilo.

Ila kwa taratibu. Afanye wakati dawa imeshika, asifanye ikiwa inaisha nguvu. Mimi levodopa, dawa yetu ya Parkinson, nameza na maji kabla ya chakula, kwa kuwa nyama na maharagwe vikitangulia huichelewesha. Kwa baba yako muulize daktari wake. Kiti kisiwe na magurudumu, kiegemee ukuta. Mikeka iondoeni. Akitaka kugeuka azunguke kwa duara pana, asijisokote mahali pamoja. Na akiganda usimvute, mwanangu! Asimame, ayumbe kushoto na kulia kidogo, ndipo apige hatua.

Kijana wa Likoni, dawa ni dawa, nami nazimeza. Lakini siku ya darasa huwa najinyoa mwenyewe, na hilo kidonge peke yake hakikuwahi kunifanyia.

Fizio_Tanga

Mzee shikamoo, umetusaidia sana. Naongeza machache. Mwaka 2009 Madeleine Hackney na Gammon Earhart, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa waliofundishwa tango, na uwezo wao wa kusimama bila kuyumba uliimarika. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, waliandika kuhusu wagonjwa 16 waliocheza kila wiki kwa miaka 3: dalili za mwili hazikuwazidia kama wenzao wasiocheza. Watu 16 ni wachache, na mwenye kupenda kucheza huenda tangu hapo alikuwa na nafuu. Kwa hiyo msimwahidi mzee kupona. Dada, muombe mtaalamu wa fiziotherapia amwone kwanza, na mpimeni presha akiwa amekaa kisha amesimama. Wengi wenye Parkinson presha hushuka wakisimama ghafla, na hapo ndipo wanapoanguka.

BintiMkomani

Nimemsomea baba jibu la Mzee. Kauliza huyo wa Siyu ni wa ukoo gani, eti Siyu hawajui goma, wajifunze kwanza. Kisha kasema atasimama ikiwa ami yangu naye atakuja kusimama pembeni yake, sisi watoto tukae mbali. Ami anakuja Ijumaa baada ya swala. Je, lazima nitafute wapigaji au rekodi ya simu inatosha?

MzeeWaFlatbush

Mwambie baba yako Siyu ndiyo iliyowafundisha! Simu inatosha, ila itie kwenye spika, ngoma isikike vizuri. Chagua goma la polepole. Ami yako asimame upande ule mzee anaoelemea. Na ndara avue, avae viatu vilivyofungwa nyuma.