Anayeuza muvi za wizi anachekewa, aliyeshusha za kuangalia mwenyewe anafilisiwa! Hii hesabu ya adhabu nani aliipiga?

Wakuu heshima kwenu.

Uzi huu naufungua nikiwa nimechafukwa kwelikweli kwahiyo mtanivumilia kama nitarukaruka, ila hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na kila nikisikia mtu anasema "wizi ni wizi tu, awe anauza awe anashusha wote waozee jela" naona kama natukanwa. Hapana aisee. Mtu anayetoa makopi ya muvi za watu akauza akala hela na mtu aliyeshusha muvi usiku akaangalia peke yake akalala hawawezi kuwekwa kwenye mzani mmoja, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ukizichimba hizi sheria za hakimiliki unakuta huyu wa pili ndo anaweza kuumia kuliko hata wa kwanza.

Mnabisha? Twende.

Marekani kuna mama anaitwa Jammie Thomas-Rasset, wa jimbo la Minnesota, ana watoto wanne, mtu wa kawaida kabisa. Kampuni za muziki zikamburuza mahakamani kwa nyimbo 24 za mtandaoni. Ndio, ni nyimbo sio muvi, lakini kifungu cha sheria ni hichohicho kwahiyo msianze. 2007 raia waliokaa kuamua kesi yake wakasema alipe dola 222,000. Kesi ikarudiwa 2009 wakapandisha mpaka dola milioni 1.92, yani dola 80,000 kwa wimbo mmoja, wimbo ambao mtandaoni ulikuwa unauzwa kama dola moja hivi. Jaji mwenyewe akashtuka akaishusha ikawa 54,000, kampuni zikagoma, kesi ikaenda mara ya tatu 2010 ikatoka milioni 1.5, jaji akashusha tena, mpaka mahakama ya rufaa 2012 ikairudisha ile 222,000 ya mwanzo kabisa. Miaka yote hiyo wanapandisha na kushusha, na hakuna aliyeonyesha kwamba huyu mama aliwahi kuuza hata wimbo mmoja.

Sasa chukua diski halali ya muvi ya Marekani. Ukiiweka tu linakuja lile onyo, unabonyeza rimoti huwezi hata kulirusha mbele, unakaa kama umeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Linakwambia mharamia anaweza kwenda jela mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000. Hicho ndo kilele cha faini ya jinai wanachokutajia. Halafu mama wa nyimbo 24 asiye na biashara yoyote kaishia 222,000, na kuna siku aliambiwa alipe zaidi ya mara saba ya hicho kilele! Na mnajua kinachochekesha? Ukinunua diski ya wizi hilo onyo hulioni, wameshalikata, muvi inaanza moja kwa moja. Anayetishwa ni yule aliyelipa hela yake halali.

Najua mtakuja na "jinai na madai ni vitu viwili tofauti mkuu". Najua, jinai serikali inakushtaki, madai mwenye mali anakudai fidia, nisomeni basi. Upande wa madai kule Marekani mwenye kazi (yani mwenye wimbo au muvi) halazimiki kuthibitisha amepata hasara kiasi gani, anaweza kuchagua fidia iliyopangwa kwenye sheria yenyewe, dola 750 mpaka 30,000 kwa kila kazi, na wakiona ulifanya makusudi inaweza kufika 150,000. Soma tena hapo. Kwa kila KAZI. Sio kwa kila kopi, sio kwa kila senti iliyoingia mfukoni. Maana yake muuzaji aliyechukua muvi moja akatoa kopi 10,000 na zote zikaisha, kwa hesabu hiyo kagusa kazi moja, anahesabiwa mara moja tu. We uliyeshusha muvi 30 za kuangalia likizo unahesabiwa mara 30, na hata wakikuhurumia wakakupa kile kiwango cha chini, hiyo ni dola 22,500. Kwa muvi ambazo nusu yake ulilala katikati!

Kuna mjuaji atasema mwenye kazi si anaweza kuachana na hiyo fidia akadai hasara halisi pamoja na faida yote aliyoipata muuzaji. Sawa, faida ipi? Huyo muuzaji ana daftari? Anatoa risiti? Anaweka hela benki kwa jina la biashara ya uharamia? Utadai faida kwa mtu ambaye karatasi pekee aliyonayo ni makava ya muvi aliyoprinti mwenyewe. Na jinai nayo, ile miaka 5 ni ya kwenye makaratasi, ni kiwango cha juu, sio kwamba kila anayekamatwa anapewa. Kinachomuuma muuzaji ni kuchukuliwa mzigo, na mzigo wenyewe ni nini? Diski tupu na wino. Faili mama liko salama sehemu nyingine, usiku anawasha mashine kesho mzigo mpya uko sokoni.

Haya tuje kwenye hoja yenu mnayoipenda, kwamba yule mama hakushtakiwa kwa kushusha, alishtakiwa kwa kusambaza. Kweli kabisa, alikuwa anatumia Kazaa, programu ya watu kugawiana faili mtandaoni, na faili zilikuwa kwenye folda ambayo wengine wanaweza kuchota. Lakini hebu tuongee kama watu wazima, programu hizi ndo zilivyotengenezwa! Torenti hivyohivyo, unashusha muvi vipandevipande kutoka kwa watu mbalimbali na papo hapo kompyuta yako inawagawia wengine vile vipande ulivyokwisha pata, hujabonyeza popote, hujakubaliana na mtu, na wengi wanaotumia hawajui kabisa kwamba kuna kitu kinatoka. Kisheria hapo wewe tayari ni msambazaji, upo kundi moja na mwenye kiwanda cha diski. Hicho ndo kichaka wanachojificha. Wanakwambia "sisi hatuwafuati wanaoshusha, tunafuata wasambazaji" wakati wanajua fika kwa torenti ni nadra mtu kushusha bila kusambaza.

Na zamani sheria ilikuwa inajua tofauti, hili ndo linanitia hasira kuliko yote. 1994 kuna mwanafunzi wa chuo cha MIT alishtakiwa kwa kuweka mtandao wa kugawia programu bure, mahakama ikamwachia, kwasababu jinai ya hakimiliki wakati huo ilitaka uwe umefanya ili upate hela na yeye hakupata hata mia. Badala ya watu kusema vizuri, mstari upo hapo, mwenye faida huku asiye na faida kule, bunge lao 1997 likatunga sheria mpya, sasa hata ukigawa bure ni jinai ikifika thamani fulani, na hata kubadilishana tu, nipe hii nikupe ile, kukaitwa faida ya kifedha. Mstari ukafutwa. Hata ule mkataba wa TRIPS wa shirika la biashara la dunia ambao nchi nyingi tumeusaini, kifungu cha 61 kinalazimisha jinai kwa uharamia wa makusudi wa kiwango cha kibiashara. Kibiashara! Waliouandika walijua wanachokilenga. Nchi zenyewe ndo zikaona haitoshi.

Hong Kong 2005 jamaa akafungwa miezi mitatu kwa kuweka muvi tatu kwenye torenti. Muvi tatu. Bure. Mwezi kwa muvi.

Halafu kuna suala la nani anashikika kirahisi. Muuzaji hana jina wala anwani, namba ya simu anabadilisha kila akisikia harufu ya polisi. Aliyeshusha ana anwani ya IP, yani namba inayotambulisha intaneti yake, ambayo kampuni ya intaneti inaijua ni ya nani, basi kamaliza. Zile barua za mawakili za Ulaya na Marekani nimezisoma, zimepangiliwa vizuri hadi zinatisha, jina la faili lote na vifupisho vyake, tarehe, saa mpaka sekunde, IP yako, halafu chini kiasi cha kulipa na siku ya mwisho. Na inakuja kwa jina la anayelipia intaneti, sio aliyeshusha. Kashusha mtoto au mpangaji, barua ni ya baba mwenye nyumba. Wengi wanalipa tu, kwasababu kumlipa wakili wa kukutetea ni ghali kuliko wanachodai na hasa kama muvi yenyewe ni ya ngono, nani anataka jina lake lisomwe mahakamani?

Kuna mawakili wawili Marekani, kampuni yao ikiitwa Prenda, waliona hii ni biashara wakaenda mbali zaidi, walikuwa wanapandisha wenyewe muvi za ngono kwenye tovuti ya torenti ya Pirate Bay, nyingine wamezitengeneza wenyewe, wanakaa wanasubiri watu washushe, halafu wanawashtaki na kudai dola elfu kadhaa kila mmoja ili wamalizane kimyakimya. Walivuna mamilioni! Mwisho wa siku walinaswa, 2019 mmoja akala miaka 14 mwingine 5, na nilifurahi kweli sifichi. Lakini jiulizeni huo mtego ulifanya kazi kwanini. Hao hawakugushi sheria, waliikuta hivyohivyo, kwamba mtu wa kawaida anaogopa dola 150,000 kwa muvi moja kiasi kwamba elfu tatu au nne anaona kaokoka.

Sio kila mahali pako hivi, tuwe wakweli. Japani 2012 walifanya kushusha kuwa jinai, mpaka miaka 2 au yeni milioni 2, ila anayepandisha ni mpaka miaka 10 na yeni milioni 10. Bado ni kali sana kwa mtu aliyekaa kwake lakini angalau mtu aliyeandika aliona kuna ngazi. Uswisi kushusha kwa matumizi yako mwenyewe hawakugusi, wanamtaka anayepandisha. Ufaransa walianza kwa mbwembwe 2009 na vitisho vya kumkatia mtu intaneti, 2013 adhabu hiyo wakaifuta wenyewe, ikabaki faini isiyozidi euro 1,500. Uingereza ndo wakaenda kinyume, 2017 wakapandisha kifungo cha juu cha uharamia wa mtandaoni kutoka miaka 2 mpaka 10 ili kilingane na cha muuzaji wa diski, wakasema ni usawa. Usawa gani sasa? Mngeweza kusawazisha kwa kuangalia hela iliyoingia, mkaamua kusawazisha kwa kumvuta wa chini apande juu.

Sasa nyie mnaomtetea muuzaji. Eti anatafuta riziki. Nani hatafuti riziki? Aliyeshika kamera akitengeneza ile muvi alikuwa anatafuta nini, sifa? Mteja wa muuzaji ni mtu aliyetoka kwake akiwa na hela mkononi, kaamua kabisa kulipia muvi, hiyo hela ilikuwa imeshapatikana, imeiva, ikakatwa njiani. Hiyo ndo hasara ya kweli ya mwenye muvi na unaweza kuihesabu kwa vidole. Anayeshusha wengi wao wasingelipa hata iweje, kumuandikia kila faili kama muvi iliyokosa kuuzwa ni hesabu za kujifurahisha. Na bado muuzaji anaibia pande zote mbili, kava limeandikwa "orijino HD" ukifika nyumbani unakuta imerekodiwa ndani ya sinema na simu, picha imekaa upande, katikati mtu anasimama kwenda chooni kichwa chake kinapita usoni mwa stelingi, na kicheko kinakuja kabla hujasikia alichosema. Umelipa kwa hiyo! Marekani hao wanaorekodi ndani ya sinema wamewekewa kifungo mpaka miaka 3 tangu 2005 na hapo sina shida nao kabisa, chanzo cha mzigo ni hao.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu na mnishambulie vizuri. Aliyeshusha bila kuuza alipe bei ya muvi mara tatu, mara nne, hata mara tano mkitaka iume, na asikanyage jela. Muuzaji ahesabiwe kwa kopi sio kwa kazi, achukuliwe mashine na hela, akirudia ndo jela ianze kuongelewa. Wenye mitandao mikubwa inayoingiza matangazo juu ya muvi za wizi wawekwe humohumo kwa wauzaji, hao hawajawahi kugawa kitu bure.

Na asije mtu na kisingizio kwamba makopi ya muuzaji ni magumu kuhesabika. Kama mmeweza kumwandikia mtu mpaka sekunde ambayo kompyuta yake iliunganisha torenti, ile mashine ya kuchoma diski kumi kwa mpigo mtashindwaje kuhesabu trei zake?