Kufundisha ushoni bila kukutana: WhatsApp, laivu au YouTube? (Mombasa, Juni 2020)

Cherehani_Majengo

Assalaam aleikum wenzangu. Nataka ushauri wa walio hapa Mombasa na wanaoijua hali ilivyo.

Nina kichumba cha ushoni Majengo. Kabla ya korona nilikuwa na kazi mbili, kushona madera na sare za shule, na kufundisha wasichana waliomaliza shule wakakosa karo ya kuendelea. Shule zilipofungwa katikati ya Machi, oda za sare zikakatika. Harusi zikasimama. Ramadhani na Idi, msimu tunaoutegemea mwaka mzima, ukapita watu wamo ndani tangu saa moja jioni kwa sababu ya kafyu. Nimejishikiza kwa barakoa, lakini sasa kila kona yuko mtu anashona barakoa na bei imeshuka.

Linalonikosesha usingizi ni wanafunzi. Wako kumi na wawili. Kuna wa Likoni, kuna wa Kisauni, na mmoja ni wa Mji wa Kale, ambako njia zilifungwa tangu Mei na kufunguliwa juzi tu. Kichumba changu hakitoshi watu wakikaa mbalimbali, na wazazi wa ng'ambo wanaogopa msongamano wa kivukoni. Wasichana wenyewe hawajakata tamaa, wananiandikia kuuliza tunaendelea lini. Nikiwaacha miezi hii yote, wengine wataolewa au watatafuta kazi za ndani na hawatarudi tena kwenye cherehani.

Njia ninazoziona ni tatu: kundi la WhatsApp lenye video fupi na sauti, darasa la laivu la Zoom au Meet, au kurekodi masomo niyaweke YouTube. Ipi inafaa kwa kazi ya mikono? Na ada nitoze vipi wakati huu?

Mwalimu_Changamwe

Waaleikum salaam dada. Mimi nafundisha kompyuta na hesabu za biashara kwa wenye maduka, na tangu Aprili nimehamia mtandaoni kabisa. Kwangu laivu imeshinda. Swali linajibiwa hapo hapo, na mwanafunzi ana saa maalumu ya kukaa chini asome. Video ya kutazama "wakati wowote" mara nyingi haitazamwi wakati wowote ule.

Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40 mkiwa watatu au zaidi. Sioni kama ni tatizo. Nafundisha dakika 35, nawapa zoezi, kisha wanaingia tena tukalisahihishe. Meet nayo imefunguliwa bure mwezi uliopita kwa kila mwenye akaunti ya Google. Kafyu imesogezwa hadi saa tatu usiku, kwa hiyo mimi huweka darasa saa mbili na nusu, watu wameshafunga maduka na wengi wameshafika nyumbani.

Kwa kuwa wako ni kumi na wawili tu, unaweza kuwaona wote kwenye skrini moja. Usiiache nafasi hiyo.

Kipepeo_Likoni

Mwalimu, kwa heshima yako, wanafunzi wako wana maduka. Mimi ni mwanafunzi wa ushoni, si wa dada hapo juu lakini ni kozi hiyo hiyo, naomba niseme ya upande wetu.

Nyumbani simu ya kugusa ni moja, ya kaka, na mchana anakwenda nayo kazini. Mimi nina kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na WhatsApp. Wadogo zangu nao wanataka simu hiyo hiyo kwa masomo yao. Laivu ya saa moja yenye picha inaweza kumeza zaidi ya nusu gigabaiti. Ukinunua bando la namna hiyo mara tatu kwa wiki, mama anakuuliza kama pesa hiyo si ya unga, na ana haki ya kuuliza. Halafu anayekatika katikati ya somo harudi kuuliza kilichompita. Anaona haya kumsimamisha mwalimu mbele ya wenzake, basi anakaa kimya na wiki inayofuata haonekani.

Video ya WhatsApp naipata kaka akirudi. Ikishashuka kwenye simu hailii bando tena. Naitazama mara nne ikibidi, nasimamisha pale pale mkasi unapozunguka kwapa. Darasani kwenyewe sikuwahi kumwomba mwalimu arudie mara nne.

Mama_Sinia

Mwanangu wa Majengo, pole, na hongera kwa kuwashika hao wasichana. Mimi ni wa mahamri, kaimati na mkate wa sinia, Kisauni. Wateja wangu wakubwa walikuwa maofisi ya mjini. Maofisi yalipopunguza watu nikahamia statasi ya WhatsApp, naweka picha baada ya alasiri, watu wanaagiza hadi isha, na asubuhi kijana wa bodaboda anasambaza. Nasikia wengi wakisema statasi haiuzi. Inauza ikiwa picha ni ya leo na bei imeandikwa. Picha bila bei inakuletea watu wa kuuliza "ngapi?" na kupotea.

Mafunzo yalianza kwa wateja hao hao. Walikuwa wamekaa nyumbani na watoto, wakaomba niwafundishe. Nilijaribu laivu na nikajaribu video, nitakwambia nilichokiona.

Laivu ilikuwa na raha yake, tulicheka na kusalimiana. Lakini unga haungojei Zoom. Mwenye jiko la mkaa hajawasha, mwenye gesi ameshamaliza, wa tatu mtandao umemganda yeye na mwiko wake, na mimi nafundisha watu walio katika hatua tatu tofauti. Kazi ya mikono kila mtu anakwenda na mkono wake. Hesabu za Mwalimu wa Changamwe zinaweza kwenda pamoja, unga hauwezi, na nadhani hata kitambaa hakiwezi.

Kwenye WhatsApp nilidhani video zangu ndizo zitakazowafundisha. Kumbe wamefundishwa na picha zao wenyewe. Binti mmoja alinitumia picha ya hamri amelikata katikati, ndani limebana, halina uwazi. Nikajua papo hapo kwamba hakuuacha unga ukaumuka vya kutosha. Nikamtumia sauti ya dakika moja. Kesho yake akaleta picha nyingine, na safari hiyo hamri lilikuwa limefura. Basi nikaweka sharti kwamba somo la pili hulipati mpaka ulete picha ya kazi ya somo la kwanza, nami niwe nimeijibu. Wavivu waliondoka wenyewe. Waliobaki leo wanauza, na wawili wanauza mtaani kwangu mimi mwenyewe, nami sina kinyongo, mahamri hayajawahi kutosha Kisauni.

Kwa hiyo ukipiga gharama zako, usihesabu bando peke yake. Hesabu muda wa kujibu. Kumi na wawili utawamudu. Ukipokea hamsini kwa tamaa ya ada, utakuwa unauza video, hufundishi.

Fundi_Picha_Bamburi

Mimi nilikuwa mpiga video wa harusi, na harusi zenyewe mnajua. Nizungumzie YouTube na upigaji.

Kama YouTube unaitaka kwa pesa, sahau kwa sasa. Kabla hujaruhusiwa kuomba matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Faida yake kwako ni kuhifadhi. Pakia video bila kuiorodhesha, mwenye linki tu ndiye ataiona, na mwenye bando dogo anaweza kushusha ubora hadi 144p. Ila kwa ushoni 144p ni mateso, huoni uzi. Bora WhatsApp.

WhatsApp hupokea video ya hadi megabaiti 16, kwa hiyo kata somo vipande vya dakika mbili au tatu, kila kipande jambo moja: kutia uzi, kujaza bobini, kukata shingo, kupachika zipu. Kipande kibebe jina la kazi yake, wasitafute gizani.

Simu ifungwe juu ya meza ikitazama chini, mtazamaji aione mikono yako kama anavyoiona ya kwake. Ukipiga kutoka mbele, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake na utawachanganya. Kaa karibu na dirisha asubuhi. Tumia uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi au kinyume chake, hata kama kazi halisi haishonwi hivyo. Na uzime feni, inapeperusha kitambaa na kuvuma ndani ya maikrofoni.

Mwalimu_Changamwe

Nimemsoma Kipepeo na Mama Sinia na nakubali kwamba wanafunzi wangu wana uwezo ambao hao hawana. Hata hivyo sitaki laivu itupwe yote. Msichana aliyekaa ndani tangu Machi anahitaji kumsikia mwalimu na wenzake, la sivyo kundi linageuka sanduku la video. Mara moja kwa wiki, nusu saa, sauti tupu bila picha, bando lake ni dogo sana. Simu ya pamoja ya WhatsApp sasa inabeba watu wanane, kwa hiyo wagawe makundi mawili. Wenye kabambe wapigie simu ya kawaida.

Cherehani_Majengo

Mungu awabariki, nimesoma kila neno. Lakini kuna jambo hatujaligusa. Kati ya kumi na wawili, wenye cherehani nyumbani ni wanne tu. Hamri kila mtu ana sufuria. Hao wanane watanitumia picha ya nini?

Tena kuna makosa ambayo picha haitayaonyesha. Pindo lililovutwa nitaliona, mkunjo wa kwapa nitauona, uzi wa chini uliolegea nitauona nikiambiwa wageuze kitambaa. Mguu kwenye pedali siuoni. Darasani nasikia tu, hata nikiwa nimewapa mgongo najua nani anakanyaga kwa pupa na sindano ya nani imekuwa butu.

Mama_Sinia

Kama wasikia, basi waambie wakutumie sauti ya cherehani ikifanya kazi.

Kipepeo_Likoni

Kwa wasio na cherehani, fundi wangu alituanzisha na magazeti. Kuchukua vipimo, kuchora kwa chaki, kukata paterni ya gazeti, kubandika vipande kwa pini uone kama bega linakaa. Halafu mishono ya mkono: kupiga bandi, kufunga pindo, kutia vifungo, kutengeneza tundu la kifungo. Hayo peke yake ni kazi ya wiki nyingi na hayataki umeme wala mashine. Wengi tunaoharibu nguo huwa tumeiharibu kwenye kukata, kabla hata ya kukaa kwenye cherehani.

Duka_la_Leso

Naongeza la biashara. Nina duka Biashara Street na wateja wa kuingia wamepungua mno, ndipo nikaanza kufunga vifurushi. Ukisema somo lijalo ni sketi, mwanafunzi anahitaji kiasi gani cha kitambaa, uzi rangi gani, zipu inchi ngapi? Akija mwenyewe sokoni atapoteza nauli na atakutana na watu. Tukimfungia kifurushi na kukipeleka kwa bodaboda, wote wanakuwa na kitambaa kimoja, na kosa la mmoja linawafundisha wengine. Kwa mazoezi usiwape kitenge wala satini. Wape marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ni ya bei ya chini, haitelezi na chaki inaonekana.

Bei ya kifurushi iwe mbali na ada ya mafunzo, kila mtu ajue analipia nini.

Mama_Sinia

Hapo kwenye ada: toza kwa wiki, usitoze kwa mwezi. Wakati huu hakuna mwenye uhakika na pesa za mwezi, lakini mzazi anaweza kutoa kidogo kila Jumamosi. Tangu Machi kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukatwi kitu, kwa hiyo malipo madogo madogo hayamuumizi mtu. Asiyeweza kabisa, mpe kazi. Barakoa zako nani anazipiga pasi na kuzifunga?

Cherehani_Majengo

Nimeamua hivi. Naanza na WhatsApp. Mwezi wa kwanza wote ni magazeti na mishono ya mkono, kwa sharti la Mama Sinia kwamba somo halifuatii mpaka kazi iletwe na kujibiwa. Nitajibu kwa sauti kila usiku baada ya kufunga kazi. Ijumaa jioni tutazungumza kwa makundi mawili, na wenye kabambe nitawapigia. Tukifika kwenye mashine, wanne wenye cherehani watanitumia picha za kitambaa, mbele na nyuma, pamoja na sauti ya mashine.

Wanane waliobaki watakuja kichumbani wawili wawili kwa zamu, dirisha na mlango wazi, barakoa usoni, na maji na sabuni mlangoni, kila mmoja na cherehani yake. Wa Likoni nitawapa saa za katikati ya asubuhi, kivuko kikiwa kimepungua watu. YouTube nitahifadhi tu kwa watakaokuja baadaye.

Swali la mwisho kwa Mwalimu: wazazi wawili wameniuliza kuhusu cheti. Kusoma kwa simu kutawazuia?

Mwalimu_Changamwe

Cheti chako cha kichumbani unakitoa wewe, ukiridhika na kazi ya mkono wao. Wanaotaka cha serikali watafanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wanaanzia gredi ya tatu, na humo mtahiniwa anafanya kazi kwa mikono mbele ya msahihishaji. Kwa hiyo weka daftari. Kila msichana andika tarehe, kazi aliyoifanya na kosa ulilomrekebisha, na zile picha usizifute. Vituo vikifunguliwa utajua nani yuko tayari na nani bado kwapa linamshinda.

Duka_la_Leso

Dada wa Majengo, nitumie orodha ya wasichana na mitaa yao tu, majina si lazima. Nitakata marekani vipande kumi na viwili vya mita moja moja na nyuzi za rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Wa Kisauni na wa Mji wa Kale kijana wangu atawapelekea Jumatatu. Wa Likoni tutafunga pamoja uvushwe mzigo mmoja, mtu mmoja awasubiri na kuwagawia upande wa pili. Kipepeo, uko karibu na kivuko?

Kipepeo_Likoni

Niko karibu. Nitaupokea mimi.