Jenereta ya gesi: sevisi nalipia kila mara, hamna hata mmoja aliyepima presha

Wakuu habari za leo. Nina hasira kwa hiyo mtanivumilia, uzi utakuwa mrefu.

Nina duka la samaki huku Mbezi Beach, mafriza manne pamoja na pampu ya maji. Umeme ukikatika usiku hasara ni yangu, ndo nikanunua jenereta ya gesi ya kVA 8, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Kampuni siitaji. Waliifunga wao mwanzo mwisho, mtungi wao, mpira wao, regulata yao, na mkataba wa sevisi juu.

Sasa shida. Ikiwaka bila mzigo inanguruma safi kabisa. Friza la pili likiingia tu inaanza kupanda na kushuka, taa zinafifia zinarudi, ikifika kama nusu saa inazima. Akaja fundi wao akabadilisha plagi, wapi. Akaja mwingine akasema AVR (kile kifaa cha kutuliza volti) imekufa, nikalipia AVR, hali ileile. Mwingine akataka kusafisha kabureta, nikamuuliza kabureta ipi kaka, hii inakula gesi tupu, ina mikisa tu ya kuchanganya gesi na hewa, petroli ya kulala humo ikaacha gundi imetoka wapi? Akanijibu "bosi wewe niachie kazi". Bili ilivyokuja usafi wa kabureta umo ndani!

Na hamna hata mmoja aliyegusa mtungi. Yaani kuugusa tu kwa kiganja! Juu unatoa jasho, chini kwenye usawa wa gesi iliyobaki kuna barafu nyeupe unaweza ukaandika jina lako kwa kidole, na ni Dar hii hii ya joto. Gesi ndani ya mtungi ipo kama maji, ili itoke ikiwa hewa lazima ichemke, na ikichemka inanyonya joto la mtungi wenyewe, ukiivuta kwa kasi kuliko joto la nje linavyoingia mtungi unaganda, presha inaanguka, injini inakosa chakula inazima. Mashine ya size hii ikibeba mzigo mzito inakula karibu kilo 3 za gesi kwa saa. Wao wameifunga kwenye mtungi mmoja wa kilo 15 na regulata ya jikoni. Nimeigeuza nikasoma mgongoni, 1.5 kg/h, yaani inapitisha kilo moja na nusu tu kwa saa, imechongwa kabisa kwenye chuma, hata miwani huhitaji.

Na ndo maana kila fundi anasema gesi ipo. Presha ya jiko na presha inayotakiwa na jenereta hazipishani sana, bila mzigo kila kitu kinaonekana poa, kinachopungua ni wingi wa gesi inayopita. Unagundua kwa kufunga kipima presha karibu na mashine, unawasha, unabebesha mafriza yote, unaangalia mshale unaanguka kiasi gani. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Nikaulizia kipima presha, hawana. Kampuni inauza mashine za gesi haina kipima presha ya gesi jamani!!

Aliyenitoa roho ni huyu aliyeona inakohoa akaulaza mtungi "ili gesi ishuke vizuri". Mtungi ukilala yanatoka maji ya gesi, yanaingia kwenye regulata iliyotengenezwa kupitisha gesi iliyokwisha kuwa hewa tu. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikaenda zake, inatambaa sakafuni, na mimi nina mafriza yanayojizima na kujiwasha mchana kutwa, cheche moja tu inatosha kulipuka. Nikamwambia simamisha mtungi na huondoki hapa mpaka upake povu la sabuni kila kiungo. Kiungo cha mpira kikaanza kutoa mapovu kama mtoto anayenyonya. Kumbe alikaza kwa mkono, spana ipo mfukoni.

Sevisi zenyewe sasa. Niliweka alama ya maka pen kwenye filta ya oili kabla hawajaja. Wameondoka, risiti inasema filta mpya, alama yangu ipo palepale. Wanajua oili ya mashine ya gesi haiwi nyeusi haraka kama ya dizeli, kwa hiyo mteja akichomoa dipstiki anaona nzuri anashukuru. Oili inachakaa hata ikiwa na rangi ya asali, inaenda kwa masaa ya mashine. Waya wa chaja ya betri nao waliuchomoa hawakuurudisha, umeme ulipokatika usiku stata ikatoa ka-ka-ka, kontrola ikajaribu jaribu ikajifunga na taa nyekundu.

Halafu ikaja ya kuwaka ikiwa baridi, ila ukiizima ikiwa ya moto haiwaki mpaka ipoe. Wakasema nunua betri mpya. Sikununua, nilimwita mzee mmoja wa Gerezani, akafungua kifuniko cha valvu, akapitisha geji nyembamba kuliko zote kwenye valvu ya ekzosi, haikupita. Gesi inaungua kavu, valvu inakula kiti chake taratibu mpaka nafasi inakwisha, injini ikipata moto valvu haifungi vizuri, kompresheni inapotea. Akaseti, ikawaka hapohapo ikiwa ya moto. Kuseti valvu kumeandikwa kwenye kitabu cha mashine walichonipa wao wenyewe!

Nataka hela ya AVR, ya hiyo kabureta hewa na ya filta, pia waniletee regulata inayoendana na mashine na mitungi miwili ya kilo 38 iliyounganishwa. Wanasema warranti imekufa kwa sababu nimeingiza fundi wa nje. Kuna mdau ameshawahi kupeleka kesi ya namna hii FCC (Tume ya Ushindani) akasikilizwa? Wanataka vielelezo gani? Risiti ninazo zote, picha ya filta yenye alama ninayo, video ya mtungi wenye barafu ninayo.