Nimepewa ofa ya kukaa mbele Dubai–Dar kwa dirhamu 1,100: nilipe au niongeze madira?

MamaVijora
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wana jamvi. Naandika nikiwa chumbani Deira, upande wa Naif, nimekaa kitandani kwa sababu sakafu yote imejaa mzigo. Nilitua Ijumaa alfajiri, naondoka kesho Jumapili saa nne na nusu asubuhi. Ndivyo ninavyosafiri mara tatu nne kwa mwaka: siku mbili na nusu, nanunua, nafunga, narudi, Jumatatu fremu iko wazi. Fremu yangu iko Kariakoo, nauza madira, mabaibui na manukato ya kupima.

Jioni hii shirika limenitumia ujumbe kwamba nikiongeza dirhamu 1,100 wananihamishia daraja la biashara, yaani kule mbele. Kwa wanaohesabu kwa dola, dirhamu haibanduki kwenye 3.67, kwa hiyo ni kama dola 300. Nimeusoma ujumbe mara nne nikidhani wamekosea namba.

Niwe mkweli, sijawahi. Kila safari napita pale kwenye viti vipana, watu wameshakaa na glasi zao mkononi, mimi nina kibegi mgongoni, mfuko wa udi, na makoti mawili nimeyavaa ili yasihesabiwe kilo. Huwa napita haraka nikiangalia chini, kama mtu anayekatiza sebule ya watu.

Kinachonivuta ni miguu. Mwezi wa tatu nilishuka Dar viatu haviingii, nikatoka uwanjani na kandambili nilizomnunulia mwanangu. Na leo mgongo umekataa kabisa. Nimezunguka soko la Murshid tangu saa tatu asubuhi, jioni nikavuka na abra, ile boti ya kuvushia watu, kwenda Bur Dubai kumlipa mtu wa vifungo. Nauli ya abra ni dirhamu moja, na hiyo ndiyo starehe pekee niliyojinunulia safari hii.

Kinachonizuia: dirhamu 1,100 kwangu ni madira arobaini kwa bei ya jumla. Arobaini! Halafu shoga zangu wawili wa kikoba wako ndege hiyohiyo, wanakaa nyuma. Nikiwapita nikaenda kulala mbele, watanielewaje?

Wenye uzoefu nisaidieni. Kilo zinaongezeka au la? Kile kiti kinalala kweli, au ni picha za matangazo? Na kwa safari ya saa tano na nusu, tena mchana kweupe, kuna maana? Ofa inakufa saa sita usiku.

Nawasilisha.


mzee_wa_roba
Jumamosi, saa 4:25 usiku

Dada, shikamoo kwanza maana naona umri umesogea kidogo. Jibu langu ni USILIPE. Saa tano na nusu ni Dar hadi Chalinze siku ya foleni. Ndege ikianguka mbele na nyuma hatuachani, ikitua tunatua pamoja. Nunua kiti cha mlango wa dharura, kina nafasi ya kunyoosha miguu na hakifiki hata robo ya hiyo bei. Chenji ongeza mzigo. Madira arobaini yana watoto, kiti hakizai.


KauntaYaZamani
Jumamosi, saa 4:48 usiku

Nimekaa kaunta ya abiria miaka sita (siyo Dubai, na siyo shirika lako), kwa hiyo nakujibu kwa upande wa ndani.

Ofa hizo hutoka kwa sababu viti vya mbele vimebaki. Kiti kikiruka kitupu hakuna wa kukinunua tena, ndiyo maana siku moja kabla bei inashuka. Mara nyingine ni bei iliyopangwa kama yako, mara nyingine ni mnada: unataja kiasi chako, wakikubali wanakata, wakikataa unabaki ulipo. Na ujue wanalipisha kwa kila mtu na kwa safari ya upande mmoja.

Kilo ndiyo mahali watu wanalizwa. Tiketi nyingi za kutoka Ghuba kuja kwetu zinatoa mabegi mawili ya kilo 23. Mbele ni mawili ya kilo 32. Tofauti ni kilo 18, na kwa mfanyabiashara kilo 18 ni hela. LAKINI mashirika hayafanani. Kuna yanayokupa kilo za mbele ukishalipa, na kuna yanayosema umenunua kiti tu, mizigo inabaki kama tiketi ya mwanzo ilivyosema. Sebule ya kupumzikia ni vilevile, wengine wanaingia na wengine wanarudishwa mlangoni. Soma maandishi madogo chini ya ujumbe wako. Kama hayasemi, waandikie wakujibu kwa maandishi. Neno la mdomo halina nguvu mbele ya mizani.

Na hata ungekuwa mfalme, begi moja halivuki kilo 32. Hilo limewekwa kwa ajili ya migongo ya wapakiaji, halihusiani na daraja lako.

Kuhusu kiti, fungua ramani ya viti kabla hujalipa. Kuna Boeing 777 ambazo mbele zina viti saba kwa mstari, viwili, vitatu, viwili. Ukipewa cha katikati kwenye vile vitatu, umelipa dola 300 ukae baina ya watu wawili usiowajua. Nyingine zina vinne kwa mstari, kila mtu na njia yake. Pia uliza kama kinalala bapa. Vipo vya zamani vinavyolala kwa mteremko, usingizi ukikushika unateleza taratibu mpaka magoti yanagota.


MamaVijora
Jumamosi, saa 5:05 usiku

KauntaYaZamani Mungu akubariki. Nimesoma maandishi madogo, nimelazimika kuvaa miwani. Wamesema mizigo inabaki "kwa mujibu wa tiketi ya awali". Kwa hiyo kilo 18 zangu zimeyeyuka kabla sijazishika. Sebule wanaruhusu. Ramani inaonyesha vile viti saba saba, ila dirishani kimoja kiko wazi.

mzee_wa_roba, marahaba. Lakini kiti cha mlango wa dharura nilishakaa. Meza inatokea ubavuni, mkono wa kiti hauinuki, na ulinganisho wako wa Chalinze umenichekesha peke yangu humu ndani.


Bin_Maskati
Jumamosi, saa 5:20 usiku

Bi mkubwa, mie nakaa Maskati mwaka wa kumi na moja, Unguja nakwenda kila nikipata upenyo. Mbele nimekaa mara mbili kwa kulipa na mara moja kwa bahati, nyuma sihesabu.

Miguu kuvimba skwambii ni ya kiti chembamba peke yake. Ni ya kukaa bila ya kujongea. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: safari ya saa nne na zaidi, ukiwa umekaa kitako, huzidisha mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni. Hatari yenyewe ni ndogo, kiasi ya mtu mmoja katika 6,000, lakini basi na gari zimo vilevile, si ndege tu. Kwa hivyo ukilipa ukalala kama gogo hujajisaidia kitu. Inuka kila baada ya saa, zungusha vifundo, kunywa maji.

Jengine, hewa ya ndani ni moja, mbele na nyuma. Wanaijaza ndege hewa kwa kiwango cha mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwenu bara ni kama kukaa Njombe, ila Njombe iliyokauka, maana unyevu wake haufiki asilimia 20. Ulimi nao unapoteza ladha ya chumvi na sukari. Ukipewa chakula kizuri huko mbele ukaona hakina munyu, usimlaumu mpishi.

Raha ya mbele mie naona ni moja tu: hapana mtu anokugusa. Kama siku tatu umeguswaguswa sokoni, hiyo ina thamani yake. Amua mwenyewe.


MamaVijora
Jumanne, saa 2:40 usiku

Nimerudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa napanga mzigo.

Nililipa. Saa sita kasoro dakika kumi. Nieleze kilichotokea: nilikuwa nimekalia begi la pili ili zipu ifunge, likapasuka pembeni, madira yakachomoza kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikakaa sakafuni na gundi ya karatasi, nikazungusha mara ishirini, nikajiangalia kwenye kioo cha kabati. Miaka tisa nakwenda na kurudi. Nikashika simu, nikabonyeza.

Asubuhi foleni ya mbele ilikuwa na watu wawili. Begi lilisoma kilo 24.6. Nikafungua mkoba nianze kutoa vitu kama kawaida yangu, yule binti akaniangalia, akaangalia gundi, akalibandika kibandiko cha kipaumbele akalisukuma. Nilitaka kumkumbatia. Nyuma ningepigwa hesabu palepale au ningevaa koti la tatu.

Kwenye sebule sikukaa, niliwaonea haya shoga zangu. Nikaenda kukaa nao kule langoni kwenye viti vya chuma mpaka tukaitwa. Nikawaambia nimehamishwa. Sikusema nimelipa. Neno "nimehamishwa" si uongo, au siyo?

Sasa kiti. Jirani yangu, mzee mmoja wa makamo na kanzu safi, alilala kabla ndege haijasogea. Mimi nilikaa wima kama niko kwa daktari. Vile vitufe viko vingi, nikaogopa kubonyeza nikamlaza mzee wa watu chini. Mhudumu ndiye aliyenionyesha. Kiti kikajinyoosha taratibu, miguu ikainuka, na Bin_Maskati, maneno yako yakanijia: hakuna anayenigusa. Hakuna goti mgongoni, hakuna kiwiko cha jirani, hakuna mtoto anayevuta ushungi. Siku tatu nimesukumana na watu kwenye vichochoro, mara pakawa kimya. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya naangalia dirishani.

Shida ikawa usingizi. Nilianza hesabu, ugonjwa wangu. Dirhamu 1,100 kwa saa tano na nusu ni dirhamu 200 kwa saa. Nikilala, nimelipia dirhamu 200 nisizoziona. Nikikaa macho, nimelipia kitanda nisichokilalia. Wakaja na kitambaa cheupe cha meza, sahani za kaure, samaki wa mchuzi wa nazi. Samaki kweli hakuwa na chumvi. Ile karatasi ya orodha ya vyakula nimeikunja nikaitia mkobani, nimempelekea mama yangu Tandika, ameiweka pamoja na picha za harusi.

Baada ya kula niliinuka nikatembea hadi nyuma kuwajulia hali wenzangu. Mmoja amelala mdomo wazi, mwingine akaniuliza, "Huko mna nini?" Nikamwambia, "Tuna nafasi." Akanyamaza. Nikarudi, nikalala. Nimelala juu ya Bahari ya Arabu, nimeamka ramani inaonyesha Mombasa. Saa mbili na zaidi, usingizi mzito kuliko nilioupata vitandani Deira siku zote tatu. Chai na keki zimepita sikuziona. Viatu vimeingia bila kulazimishwa, na mgongo, Alhamdulillahi, umeshuka ndege ukiwa wangu.

Kile kibandiko cha kipaumbele kilinidanganya tu. Tumetua Terminal 3 saa tisa alasiri, nimepita uhamiaji wa mwanzo mwanzo, halafu nikasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka shoga zangu wakanikuta, wakachukua mabegi yao, wakaniaga. La kwangu la gundi lilitoka karibu na mwisho, limezungukwa na mabegi ya watu wa nyuma. TRA nao hawakuuliza nilikaa kiti gani, wamefungua yote mawili na nimelipia kama siku zote.

KauntaYaZamani uliniokoa kwenye ile ramani ya viti. Wa katikati nilimwona, kila akitaka msalani anaomba ruhusa.

mzee_wa_roba, ulichosahau kunionya ni hiki. Jumatatu nafungua fremu saa mbili na nusu, kijana wa chai ananiita "Mheshimiwa". Jirani wa vitenge ananiita "Mheshimiwa". Nikajua habari imewahi kufika kuliko mimi. Saa nne simu inaita, mwenye fremu. Huyu baba huwa tunaelewana, kodi namlipa mwezi mwezi japo mkataba unasema miezi mitatu, ananivumilia kwa sababu biashara ngumu. Salamu ndefu, habari za safari, mara akacheka kidogo akasema, "Nasikia siku hizi unarudi umelala."

Nimelipa ya miezi mitatu.


mzee_wa_roba
Jumanne, saa 2:52 usiku

Dada naomba nisamehe, nimecheka mpaka mke wangu kauliza. Yale madira arobaini lakini?


MamaVijora
Jumanne, saa 3:01 usiku

Nitayanunua mwezi wa tisa. Nitarudi nyuma, na makoti yangu mawili.